Simba, Popi na Mwenyekiti: jina la mbwa huchaguliwaje?

Foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilipangwa chini ya mwembe. Mbwa wengine walifungwa kamba za katani, wengine vipande vya kanga kuukuu, na bwana mifugo alikaa kwenye dawati la shule akijaza kadi. Kadi ile ilikuwa na mstari wa jina la mwenye mbwa, wa rangi, wa umri, na mmoja ulionifanya nisogee karibu: jina la mbwa. Nikaanza kuhesabu. Kati ya mbwa 12 wa mwanzo, wanne walikuwa Simba. Wawili Popi. Akaja Jeki, akaja Tomi, akaja Bosi. Kijana mmoja aliulizwa mbwa wake anaitwa nani, akajibu, "Mbwa." Bwana mifugo, bila kuinua kichwa, akaandika Mbwa.

Kisha akafika mzee mmoja na dume la rangi ya kahawia. Alipoulizwa jina aligeuka nyuma, akatazama pembeni, halafu akasema polepole, "Andika Simba." Mjukuu wake aliyeshika kamba alicheka hadi akachuchumaa. Kisa tulikuja kuelezwa baadaye, wahusika walipokwisha kuondoka: nyumbani mbwa yule anaitwa Mwenyekiti, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya mzee, naye ameshika mbwa wake.

Tangu siku ile siwaamini watu wanaosema jina la mbwa "nimempa tu". Hakuna anayempa tu.

Jina la mtoto unaweza kulitamka kwa upole maisha yake yote. La mbwa ni la kupazwa. Linaitwa alfajiri, linaitwa usiku, linavuka ua na kuingia kwa jirani bila hodi. Na linapoitwa lina wasikilizaji wa namna mbili. Mbwa anasikia mlio. Watu wanasikia maana. Anayechagua jina, ajue asijue, anawatumikia wote wawili, na karibu kila kinachotatiza katika majina ya mbwa hutoka kwa hao wa pili.

Tuanze na mbwa, kwa kuwa yeye hana makuu. Masikio yake hayana tatizo: mwanadamu husikia sauti hadi kiasi cha hezi 20,000, mbwa hufika karibu 45,000. Jina lake pia analijua vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliwasikilizisha mbwa majina yao huku nyuma kukiwa na kelele za watu wanaozungumza. Mbwa walilitambua jina lao ndani ya zogo lile, mradi kelele zisizidi sauti ya jina lenyewe. Kwa hiyo yule anayeitwa mara sita na haji, amekusikia. Anafikiria.

Asichokifanya mbwa ni kusikiliza kila herufi kama mwalimu wa imla. Mwaka 2020 watafiti wa Budapest, Hungaria, walipima mawimbi ya ubongo wa mbwa wa nyumbani waliokuwa wakisikiliza maneno waliyoyazoea, maneno ya ovyo yasiyo na maana, na maneno yaliyozoeleka ambayo yamebadilishwa sauti moja tu. Ubongo ulitofautisha neno linalojulikana na neno la ovyo kabisa. Lakini neno lililobadilishwa sauti moja ulilipokea kama vile ni lilelile. Hapo ndipo ushauri wa wafunza mbwa unapopata mashiko, wanaposema jina lisifanane na amri. Katika nyumba inayotumia "kaa", mbwa anayeitwa Kaka ataishi kwa mashaka. Lara hatajua kama anaitwa au anaambiwa alale, hasa akifugwa na wale wetu ambao r na l kwao ni ndugu. Chacha atasikia "acha" siku nzima. Na wapo mbwa, nadhani si wachache, wanaoamini kwamba jina lao ni Toka.

Urefu nao una kazi yake. Mtafiti wa Marekani, Patricia McConnell, aliwarekodi watu wa lugha mbalimbali wanaofanya kazi na mbwa na farasi, akakuta wanakubaliana bila kuwahi kukutana: kumchangamsha mnyama au kumwita aje, watu hutoa sauti fupi fupi za kurudiarudia, kumtuliza au kumsimamisha, huvuta sauti moja ndefu. Jina refu linamwambia mbwa apunguze mwendo wakati wewe unataka aje mbio. Wachungaji wa kondoo wa Uskoti na kaskazini ya Uingereza hawakusubiri utafiti. Mbwa wao tangu zamani ni Ben, Moss, Meg, Jess, Nell. Mgiriki Xenophon, aliyeandika juu ya uwindaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema majina ya mbwa wa kuwinda yawe mafupi ili iwe rahisi kuwaita, kisha akaorodhesha 47 ya mfano. Yamo Psyche, yaani roho, Phylax, yaani mlinzi, na Lonche, yaani mkuki. Silabi mbili mbili.

Na silabi mbili ndizo Kiswahili huzipenda. Lugha yetu haitaki neno liishe kwa konsonanti, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mletee Mswahili jina la mkato, Jack, atalirudisha Jeki. Tom atakuwa Tomi, Rex atakuwa Reksi, Max atakuwa Maksi: mpigo mzito mbele, mpigo mwepesi nyuma, tayari kupigiwa kelele. Simba, Popi, Duma na Bosi ni mdundo huohuo. Bila kukusudia, tumepewa kiwanda cha majina ya mbwa.

Hapo upande wa mbwa umekwisha. Ukimwita Popi au Fikra au Ndoo, kwake ni sawa, mradi jina lije na chakula.

Wagumu ni watu. Kuna swali ambalo wageni hutuuliza na sisi hatujiulizi: kwa nini mbwa wetu wengi hivi ni Wazungu kwa jina? Kwa nini mtaa wenye akina Juma, Neema na Zuhura una mbwa wanaoitwa Bobi, Jeki na Tomi?

Sababu ya kwanza ni kwamba kwa Kiswahili "mbwa" lenyewe ni tusi, tena tusi zito. "Mbwa we!" haisemwi kwa mzaha. Sasa ukimpa mbwa jina la Juma, hujampandisha mbwa cheo, umemshusha Juma, pamoja na Juma wote walio umbali wa kusikia. Siku utakapomfukuza mbwa jikoni kwa kelele na matusi, jirani mwenye jina hilo atakuwa ameketi barazani kwake anakunywa chai. Hutapata maelezo yatakayomtosha.

Upande wa Pwani dini inaongeza uzito. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kumfuga kwa ajili ya kuwinda, kulinda mifugo au shamba kunaruhusiwa, ila mipaka ipo, na methali ipo ya kukumbusha: ukimzoea mbwa atakufuata msikitini. Mnyama wa uani hapewi jina la sebuleni, sembuse la mtume au la sahaba.

Ila hapo pana jambo zuri ambalo hatulitumii. Katika Sura ya Al-Kahf wapo vijana waliolala pangoni miaka 309, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kurani haimtaji jina. Wafasiri wamempa: Qitmir. Neno hilohilo limo katika Sura ya Fatir, likimaanisha ule utando mwembamba unaofunika kokwa ya tende. Yaani jina la mbwa mwenye heshima kuliko wote katika masimulizi ya Kiislamu ni kitu kidogo kiasi hicho. Silabi mbili pia, ukilitamka kwa Kiarabu. Na bado sijawahi kumsikia mbwa wa Pwani akiitwa hivyo.

Jina la kigeni basi ni kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Hakuna babu wa mtu mtaani anayeitwa Popi. Hakuna shangazi atakayenuna.

Sababu ya pili ni ya kihistoria, na hapa nasema ninavyoona mimi. Walowezi na maofisa wa kikoloni walikuja na mbwa wao, na mbwa hao walikuja na majina yao. Karen Blixen, Mdenishi aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi 1931, alikuwa na mbwa mkubwa wa kuwindia kulungu aliyeitwa Dusk, yaani magharibi, ule wakati giza linapoanza kuingia. Mbwa wa wenyeji, walowezi waliwaita "shenzi", neno walilolichukua kwetu na kulibandika kwa kila walichokiona hakina ukoo. Aliyewalisha mbwa wenye ukoo, akawaogesha na kuwatembeza, alikuwa kijana wa hapahapa, na yeye ndiye aliyesikia kutwa nzima Bob, Jack, Tommy. Alipopata mbwa wake, angemwita nani? Kwake jina la mbwa lilikuwa na sauti hiyo, kama vile jina la gari lina sauti ya kigeni na hatushangai.

Tusidhani ni unyonge wetu peke yetu. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita mfalme Intef wa Pili wa Thebes, Misri, alichongewa jiwe la kaburi akiwa na mbwa wake, kila mmoja na jina lake limeandikwa. Majina yale si ya Kimisri. Ni ya lugha ya majirani wa magharibi, jamaa za Waberberi wa leo, na mchongaji alilazimika kuongeza tafsiri kwa baadhi yao ili msomaji asipotee: Behkai, mnyama wa jamii ya swala, Pehtes, mweusi. Mbwa wazuri walitoka ng'ambo, na majina yakaja nao. Firauni naye alikuwa na Popi wake.

Huko Ulaya na Marekani mambo yamegeuka kinyume na kwetu. George Washington, katika karne ya 18, aliwaita mbwa wake wa kuwinda Tipsy na Drunkard, majina yote mawili ya ulevi, na mwingine Sweet Lips, yaani Midomo Mitamu: majina ya utani wa wawindaji, ambayo mtu hampi mwanawe. Leo majina yanayoongoza huko ni Bella, Luna, Max na Charlie, ambayo unaweza kuyakuta pia kwenye daftari la mahudhurio la darasa la kwanza. Mbwa amehama uani, amepanda kwenye kochi, na jina limemfuata. Kumpa mbwa jina la mtu huko ni kumkiri kuwa ni wa nyumbani. Mswahili anayehamia huko anapotambulishwa kwa mbwa aitwaye Oscar, na mwenye nyumba pia ana mjomba Oscar, hukaa kimya kidogo kwanza.

Nigeria ilionyesha mwaka 2016 jinsi desturi hizi mbili zinavyogongana. Mwanamume mmoja wa Jimbo la Ogun alimwita mbwa wake Buhari na kuandika jina hilo ubavuni mwa mbwa. Jirani, ambaye baba yake alikuwa na jina hilohilo, alishtaki. Mwenye mbwa alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kosa la kufanya jambo linaloweza kuvunja amani. Yeye alijitetea kwamba anampenda Rais Muhammadu Buhari, na kwamba ametoa jina kwa heshima. Inawezekana alisema kweli. Inawezekana hakusema. Jina la mbwa haliji na maelezo, na hapo ndipo nguvu yake na hatari yake zilipo. Waliowaita mbwa wao Saddam au Osama, na sote tumewahi kukutana na mmoja, walikuwa wanasifu ukali au wanatukana? Ukiuliza watakwambia ni jina tu.

Simba anahitaji nafasi yake mwenyewe.

Kwetu jina hili ni la kazi. Mbwa hufugwa alinde, na mlinzi anatakiwa atishe kabla hajaonekana. Ndiyo maana ya kibao cha "Mbwa mkali" kwenye geti hata pale ambapo mbwa mwenyewe analala mchana kutwa. Ukiita "Simba!" kwa sauti usiku, mwizi aliye nje ya ukuta hana habari kwamba huyo Simba ana ukubwa wa sungura. Chui na Taiga wamo kwenye kundi hilo, ingawa taiga hajawahi kukanyaga Afrika isipokuwa kwa kuletwa na watu.

Kisha mwaka 1994 Disney wakatoa filamu yao ya katuni ya simba mdogo anayepokonywa ufalme, na jina letu likasambaa duniani. Leo mbwa na paka wa Chicago na Berlin wanaitwa Simba na watu ambao hawajui neno la pili la Kiswahili. Mwenzake katika filamu ile, Nala, amepata bahati mbaya zaidi: orodha nyingi za majina kwenye intaneti husema Nala ni Kiswahili na maana yake ni zawadi. Zawadi ni zawadi. Nala ni kata ya Dodoma, na kwa mtu wa Pwani aliyebaki na lugha ya zamani "nala" ni "ninakula", jambo ambalo, nikiri, kwa mbwa si jina baya hata kidogo.

Dar es Salaam kuna tatizo ambalo Chicago hawana. Tangu 1971, klabu iliyokuwa ikiitwa Sunderland inaitwa Simba, na nusu ya mji ni ya Yanga. Shabiki wa Simba anamwita mbwa wake Simba kwa mapenzi. Shabiki wa Yanga anamwita mbwa wake Simba ili apate raha ya kusema kila asubuhi, mlango ukiwa wazi, "Simba, toka hapa na njaa zako!" Mbwa wote wawili wanaitika kwa mkia. Aliye nje ya ukuta ndiye anayepaswa kujua nyumba hii ni ya nani.

Mzee wetu wa foleni naye alikuwa akisema na aliye nje ya ukuta, na desturi yake ina ndugu wakubwa sana barani. Kaskazini mwa Benin na ng'ambo ya mpaka ndani ya Nigeria wanaishi Wabaatombu, watu wanaothamini sana stara na ukimya. Kumwambia mtu ubaya wake usoni ni kujiaibisha mwenyewe. Lakini kinyongo hakiishi kwa kunyamaziwa. Kwa hiyo mtu aliyeudhiwa humpa mbwa wake jina ambalo ni methali, au kipande cha methali ambacho kila mtu anaweza kukimalizia. Kisha anasubiri. Mlengwa akipita, mwenye mbwa anamwita mbwa. Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyetukanwa. Mtu anaita mbwa wake aje ale. Aliyeguswa akigeuka na kujibu, amekiri mwenyewe kwamba methali ni yake. Njia salama aliyobakiwa nayo ni kutafuta mbwa wake na kumpa jina la kujibu. Mabishano ya namna hii yanaweza kwenda kwa muda mrefu, na mbwa wawili wasio na hatia wakiyabeba.

Kwa Washona wa Zimbabwe ipo hali ya jinsi hiyo, na wao hawaishii kwa mbwa. Hata watoto hupewa majina ambayo ni sentensi zilizoelekezwa kwa mtu: Muchaneta, mtachoka, Tichaona, tutaona. Tofauti ni kwamba mtoto atakua na kuubeba ujumbe wa ugomvi ambao haukuwa wake, mpaka shuleni, mpaka kazini. Mbwa hana kinyongo na mtu. Kama ni lazima ugomvi upewe jina na kutembea mtaani kwa miguu, afadhali iwe minne.

Niliposoma habari za Wabaatombu mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini Waswahili, mabingwa wa mafumbo na vijembe, hatukuyaendeleza majina haya ya mbwa. Jibu nilikuwa nimelifungia kiunoni tangu utoto, nilipobebwa mgongoni. Sisi tuna kanga. Na sikiliza neno lenyewe: yale maandishi ya kanga tunayaita jina. Mtu dukani haulizi kanga imeandikwa nini, anauliza, "Hii jina lake nini?" Huko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, yule wa chapa ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", anatajwa sana katika habari za kuanza kuandikwa semi kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo mwanamke akiudhiwa hahitaji mbwa. Anahitaji doti moja. Anajifunga "Hasidi hana sababu", anapita taratibu mbele ya mlango anaoujua, anarudi. Akiulizwa, alipenda rangi.

Alipenda rangi. Nimempa tu. Ni sentensi moja.

Hivyo mzee wa foleni hakuwa mtu wa ajabu. Mbwa wake alikuwa kanga yake. Kwake nyumbani, kwa kupaza sauti, angeweza kusema "Mwenyekiti, acha kula vya watu!" mara tatu kwa siku, na kitongoji kizima kikaelewa, na hakuna baraza lolote ambalo lingeweza kumhukumu. Lakini fumbo linaishi kwa kutoandikwa. Kadi ya chanjo ina tarehe na sahihi ya mtumishi wa serikali. Ukiandikisha fumbo kwenye karatasi ya serikali, mbele ya mlengwa, si fumbo tena. Ndiyo maana akasema Simba: jina lisilosema kitu, kwa sababu linasemwa na wote.

Karatasi, kwa kweli, mara nyingi hutaka jina lake na maisha yakataka lingine. Ufaransa, mbwa wa ukoo huandikishwa kwa herufi ya mwaka aliozaliwa, katika mzunguko wa herufi 20, kwa kuwa K, Q, W, X, Y na Z zimeachwa kwa ugumu wake. Waliozaliwa 2024 walikuwa wa V, wa 2025 wa A, wa 2026 wa B. Marekani, chama kikuu cha kuandikisha mbwa wa ukoo huruhusu mbwa 37 wa aina moja kushiriki jina lilelile, ndiyo maana majina ya kwenye vyeti huwa marefu kama ya wafalme. Mbwa wa Rais Franklin Roosevelt kwenye karatasi alikuwa Murray the Outlaw of Falahill. Ikulu walimwita Fala.

Kubadilisha jina, kwa upande wa mbwa, ni kazi ndogo: jina jipya likisemwa mara nyingi, kila mara na kipande cha nyama au mkono wa upole, atalishika, na la zamani litafifia. Mbwa wa kwanza kuizunguka dunia angani, Novemba 1957, alikuwa Kudryavka, mwenye nywele za kujikunja, kabla hajaitwa Laika, mbwekaji, jina ambalo dunia nzima inalijua. Wanaosumbuka ni watu. Ukimrithi mbwa wa jirani aliyehama, mtaa utaendelea kumwita kwa jina lake la kale kwa miaka, na atawaitikia wao na wewe pia, kwa kuwa yeye kushika majina mawili hakumgharimu kitu.

Mwaka uliofuata chanjo ilifanyika chini ya mwembe uleule. Bwana mifugo alikuwa mwingine, kijana, na alikuwa akisoma majina kutoka kwenye kadi za mwaka jana. "Simba," akaita, na mbwa wa mzee hakutikisika. Akaita tena. Mbwa alikuwa amemwona kuku upande wa pili wa uwanja. Kamba ikakatika, mbwa akatimka, na mjukuu, kwa hofu ya kuku wa watu, akasahau yote aliyoambiwa nyumbani.

"Mwenyekiti! Rudi hapa!"

Waligeuka wawili.